Jua likipatwa Pemba: namna ya kuwaonesha watu bila mtu kuumia jicho

Tarehe 1 Septemba 2016 nilisimama uwanjani na miwani sita ya kutazamia jua na wanafunzi wapatao mia mbili. Hata mtoto wa darasa la pili angenambia hesabu hiyo haiendi, lakini miwani ilifika kwa boti jana yake jioni na mimi nilikuwa nimeshatangaza. Ilipokaribia saa sita mchana jua likabaki hilali, mwanga ukapauka kama wa tochi inayoishiwa betri, na uwanja ukawa vurugu tupu. Wakubwa wameing'ang'ania miwani, wadogo wanalia, na mmoja nimemfuma nyuma ya jiko amelikodolea jua ndani ya beseni la maji. Nilimvuta mkono. Alhamdulillahi, macho yake yalisalimika.

Aliyeniokoa siku ile ni mpishi. Aliniita kwa sauti kutoka jikoni: "Mwalimu! Njoo utazame sakafu yetu imefanya nini." Jiko lile liliezekwa mabati makuukuu yenye matundu ya misumari, na kila siku matundu yale yalimwaga chini viduara vya mwanga ambavyo hakuna aliyevijali. Siku ile kila kiduara kilikuwa hilali. Hilali sakafuni, hilali kwenye kifuniko cha sufuria, hilali kwenye kanga ya mpishi mwenyewe, na zote zimeelekea upande mmoja. Nikawaingiza watoto kumi kumi. Waliokuwa wakipigana nje, humo ndani walinyamaza.

Tangu hapo sianzi na miwani. Naanza na vitu ambavyo watu wanavyo tayari: matundu ya mapaa yao, na elimu yao ya mwezi, ambayo visiwani ni kubwa kuliko sisi walimu tunavyodhani. Haya yafuatayo ndiyo ninayoyafanya, kwa mpangilio ninaoufuata.

Hatua ya kwanza: fahamu siku yenyewe itakuwaje

Siku inayotukabili ni Jumatatu, tarehe 2 Agosti 2027. Kivuli cha giza kitaanzia Atlantiki, kipite kusini mwa Hispania, Moroko, Algeria, Tunisia, Libya, Misri, Saudi Arabia na Yemen, kiguse Somalia, kisha kimalizikie Bahari ya Hindi. Karibu na Luxor kule Misri jua litazibwa lote kwa dakika 6 na sekunde 23, na Makka kwa zaidi ya dakika tano. Kwetu Unguja na Pemba mwezi utalimega jua kipande tu, upande wa kaskazini, baina ya adhuhuri na alasiri.

Maana yake ni kwamba hapatakuwa na giza. Kuku hawatarudi bandani. Mtu asiyeambiwa anaweza kuzunguka soko la Konde mchana kutwa asijue kama juu kuna jambo. Liseme hili mapema na ulirudie, kwa sababu simu zitajaa ujumbe wa giza la siku tatu na miale inayoua, na wewe ukiwa umewaahidi watu usiku wa mchana kisha usije, hawatakuamini tena. Ninamtaka mtu aje akijua kwamba ataona jua limeng'atwa kama andazi. Akija akijua hivyo, ataondoka ameridhika.

Kubwa kwetu linakuja asubuhi ya tarehe 21 Mei 2031, ambapo njia ya kupatwa kwa pete, yaani mwezi unakaa katikati na jua linabaki ukingo kuuzunguka, itapita Tanzania. Lakini Mei ni mkia wa masika, mawingu hayana adabu. Agosti ni kusi, mvua imekatika na anga inakubali. Kwa hiyo mimi naichukulia 2027 kuwa mazoezi: watu wajifunze wakati jambo ni dogo, wasije wakajifunzia macho yao wakati jambo ni kubwa.

Hatua ya pili: sheha, kisha imamu

Kwa sheha nenda mwezi mmoja kabla, na barua fupi: siku, saa, pahala, na nani anasimamia. Mkusanyiko wa watu usiojulikana ni wa nini huzaa maswali, na maswali hayo hayafai kujibiwa siku yenyewe.

Kwa imamu kaa zaidi. Makosa ya wengi wetu ni kumwita sheikh aje afungue kwa dua kisha tumkalishe kwenye kiti. Jua likipatwa kuna sala yake, sala ya kusufi, rakaa mbili, na kila rakaa ina rukuu mbili. Huswaliwa madhali jua linaonekana limepatwa, hata kama ni kipande. Basi imamu ana ratiba yake siku hiyo na wewe una yako, na ni lazima zikutane. Tulivyokubaliana sisi ni hivi: watu wanatazama tangu mwezi unapoanza kugusa jua, inanadiwa "Assalatu jamia", wanaswali, wanasikiliza hotuba, kisha wanarudi kutazama jua likiachiliwa. Tukio zima linachukua zaidi ya saa moja, hakuna cha kugombania.

Na muombe aisimulie ile hadithi ya siku aliyofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume, jua likapatwa na watu wakasema limepatwa kwa msiba ule. Mtume akawakatalia: jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Sheikh akishaisoma hiyo, nusu ya kazi yangu imekwisha. Hofu ya kwamba kupatwa ni nuksi ya fulani inatoka kwa maneno yake, haitatoka kwa michoro yangu ya ubaoni.

Utaambiwa pia kwamba mjamzito asitoke nje. Mimi sibishani na bibi wa mtu mbele ya wakwe zake. Namwambia, sawa Bi mkubwa, abaki ndani, nitamletea jua ukutani. Namna ya kumletea iko hatua ya nne.

Hatua ya tatu: nenda barzani ukaulize, usiende ukafundishe

Nilipokwenda Tumbe kuzungumza na wavuvi nilikuwa nimebeba mpira na tochi. Sikuvitoa mfukoni.

"Shikamoo Mzee. Bamvu linakuja lini?"

"Marahaba. Mwezi ukiandama, na ukipevuka. Hujui hilo, mwalimu?"

"Nalijua. Na jua hupatwa mwezi ukiwa wa ngapi?"

Akanyamaza. Mwenzake aliyekuwa akishona nyavu ndiye aliyejibu, bila ya kuinua kichwa: "Ikiwa mwezi ndio unaoliziba, basi lazima uwe upande mmoja na jua. Mwezi wa mwisho huo. Haionekani hilali wala nini."

"Ndivyo."

"Basi siku jua likipatwa ni bamvu," akasema mzee wa kwanza, na akageuka kuwaelezea barza nzima kwa ufasaha ambao mimi sina. Jua na mwezi vikivuta bahari kwa mstari mmoja, maji hujaa sana na hukupwa sana. Wakati wa maji mafu vinavuta kwa pande tofauti, na ndiyo maana jua halipatwi maji mafu. Hili hawakulijua kwa maneno hayo, lakini kila kipande chake walikuwa nacho, kilichobaki kilikuwa kuvishona.

Swali litakalofuata ni hili, na jitayarishe nalo: mwezi wa mwisho uko kila mwezi, mbona jua halipatwi kila mwezi? Omba beseni pana la maji na sinia. Lizamishe sinia kwa kuliinamisha, nusu ya ukingo ndani ya maji na nusu juu. Uso wa maji ni njia ya jua. Ukingo wa sinia ni njia ya mwezi, iliyoinama kwa nyuzi 5 hivi. Tazama: ukingo na maji vinakutana pahala pawili tu. Mwezi wa mwisho ukiangukia mbali na pahala pawili hapo, mwezi unapita juu ya jua au chini yake, na sisi hatuoni kitu. Ukiangukia karibu napo, jua linapatwa. Sinia na beseni vimenifaa kuliko picha yoyote niliyowahi kuibandika.

Na kuhusu mwezi mdogo kuliziba jua kubwa: mwambie mtoto afumbe jicho moja, anyooshe mkono, azibe mnazi mzima kwa kidole gumba. Jua lina upana wa mara 400 hivi ya mwezi, na liko mbali mara 400 hivi ya mwezi. Kidole na mnazi.

Kuna na la mwandamo, nalo litaibuka tu, hasa kwa watu ambao kila Ramadhani wanaanza kufunga siku mbili tofauti katika nyumba moja. Kupatwa kwa jua ni mwezi na jua kukutana mbele ya macho yako. Mwezi uliokutana na jua mchana wa tarehe 2 Agosti utakuwa haujafikisha hata saa sita magharibi ya siku hiyo, na hilali ya umri huo haionekani na jicho la mtu yeyote. Liseme mara moja, kisha nyamaza. Usikubali barza igeuke mahakama ya mwezi, maana hapo hutatoka mpaka isha.

Hatua ya nne: vifaa

Nimekuta watu wanadhani tundu lolote litatosha. Lilitosha 2016 kwa sababu jua lilizibwa sehemu kubwa. Jua likimegwa kidogo, kivuli cha mwembe hakitakuonesha lolote, na kung'uto litakupa viduara vidogo mno, uweke macho karibu uone kama vimeng'atwa. Kanuni ni nyepesi: kila meta 1 kutoka kwenye tundu hadi pale mwanga unapoangukia, picha ya jua inakuwa na upana wa milimita 9. Ukitaka picha kubwa, ongeza masafa. Kwa hiyo kifaa changu kikuu ni kioo cha mfukoni.

1. Toboa tundu la milimita 5 kwenye karatasi ngumu, kisha ibandike karatasi juu ya kioo kwa selotepu ili kioo chote kifichike isipokuwa hapo penye tundu.
2. Tia mchanga kwenye bakuli na ukisimamishe kioo ndani yake. Mchanga unakishika kwa mwinamo wowote unaoutaka, na upepo wa kusi haukiangushi.
3. Weka bakuli juani, nje ya mlango au dirisha la chumba chenye kiza, na uurushe mwanga ndani mpaka ukuta wa mbali. Meta 10 zinakupa jua lenye upana wa sentimita 9, kama mdomo wa kikombe cha chai. Ukiwa na ukumbi mrefu zaidi, bora zaidi.
4. Kama ukuta si mweupe, tundika shuka.
5. Mweke mtu mzima mmoja hapo penye kioo, asiondoke. Kazi yake ya kwanza ni kuzuia mtu yeyote asikichungulie kioo wala asipite kwenye njia ya mwanga kwa usawa wa macho. Ya pili ni kukisogeza kila baada ya dakika moja au mbili, kwa sababu picha inahama ukutani yenyewe.

Hilo la kuhama usilipite haraka. Weka alama ya chaki ukingoni mwa picha na uwaambie watoto wahesabu. Jua linateleza ukutani mbele yao, polepole lakini waziwazi, na kinachozunguka ni dunia waliyoikalia. Wapo waliosahau kupatwa kwenyewe kwa ajili ya chaki hiyo.

Kwa njia hii chumba cha watu arubaini kinatazama pamoja, wamelipa jua mgongo, na yule mjamzito yumo ndani ya nyumba yake na bibi ameridhika.

Kwa wadogo kuna mchezo wa kadi. Waandike jina lao kwenye karatasi ngumu kwa nukta za sindano, wasimame meta mbili kutoka kwenye karatasi nyeupe, na kila nukta itakuwa jua dogo lenye pengo. Wakumbushe kwamba picha ya tundu hugeuka juu chini, la sivyo watabishana na wenye miwani pengo liko upande gani.

Sasa miwani. Ile ya karatasi inafaa ikiwa ni ya kiwango cha ISO 12312-2, na maandishi hayo peke yake yasikuridhishe, kwani yeyote anaweza kuyachapa. Ivae ndani ya nyumba: usione chochote, hata dirisha. Taa kali ikionekana, iwe kama cheche hafifu tu. Ikiwa ina mkwaruzo, imekunjika kwenye filamu au imetoboka, ikate kwa mkasi palepale ili asije mtoto akaiokota. Miwani moja inatosha watu watatu au wanne, maana hakuna anayehitaji kutazama zaidi ya sekunde chache kwa mara moja. Inamisha kichwa, vaa, inua, tazama, inamisha, vua. Wafanyishe zoezi hilo mpaka walifanye kama gwaride.

Visivyofaa ni hivi, na vyote nimewahi kuletewa: miwani ya jua ya kawaida hata ukivaa mbili, filamu ya eksirei, kioo kilichopakwa masizi, santuri ya CD, na beseni la maji. Kioo cha fundi wa kuchomelea ni namba 14 tu. Vya namba za chini, ambavyo ndivyo mafundi wengi wanavyo, vinaachia mwanga mwingi. Na mtu asitazame kwa darubini huku amevaa miwani ya karatasi. Darubini hukusanya jua na huichoma ile filamu, kisha jicho.

Waeleze sababu, wasibaki na amri tupu. Pazia la nyuma ya jicho halina maumivu. Linaungua na mwenyewe hasikii kitu, anaendelea kutazama kwa raha zake. Na kwa kuwa kwetu jua halitazibwa lote, hakuna hata nukta moja ya kuvua miwani ukiwa unalitazama. Huko Makka na Luxor watavua kwa dakika zile za giza, na utaona picha zao. Hiyo ni ruhusa yao, siyo yetu.

Hatua ya tano: wiki moja kabla

Fanya kila kitu siku ya kawaida, saa ileile. Utagundua kivuli cha jengo kinaingia wapi, mlango gani una kiza cha kutosha, na nani kati ya wasaidizi wako hawezi kusimama juani nusu saa bila ya kukasirika.

Hatua ya sita: siku yenyewe

Usiwangoje watu uwanjani, wafuate walipo. Asubuhi bahari itakuwa imekupwa na wanawake wa mwani wako pwani. Maji yakianza kujaa wanapanda na mizigo yao. Weka kituo kimoja hapo njiani wanapopita, chenye kivuli, maji ya kunywa, miwani miwili mitatu na kijana mwenye heshima. Wenye karafuu nje hawatayaacha majamvi yao kwa ajili yako, kwa hiyo mpe mmoja wao kioo na bakuli la mchanga. Waliobaki ndio wa skuli na msikitini.

Washa televisheni ukumbini mapema. Saa ya Makka na ya kwetu ni moja, na giza lao litakuja saa saba na ushei mchana, karibu na wakati ambapo kwetu mwezi unaanza kuligusa jua. Watu wakaone kwanza Haram imeingia kiza, ndipo watoke nje kuona kipande chetu. Nilihofu kwamba televisheni itawapunguzia hamu. Wazee niliowauliza wameniambia kinyume chake, kwamba ukimuona mwenzio amefunikwa lote ndipo unapotaka kujua wewe umefunikwa kiasi gani.

Mpe kila mtoto karatasi yenye duara tatu tupu. Achore jua alivyoliona mwanzo, lilipomegwa zaidi, na mwisho, na aandike saa. Ukipata mwalimu mwenzako Mkoani na mwengine Mjini Unguja wafanye hivyohivyo, jioni mtakuwa na cha kulinganisha, kwa sababu saa hazitalingana sawasawa wala pengo halitakuwa la kiasi kimoja.

Mawingu yakifunika, swalini ikiwa jua lilikwishaonekana limepatwa, tazameni televisheni, na sinia na beseni viko palepale.

Baadaye

Zihesabu miwani kabla ya mtu kuondoka. Usiku na kesho yake, anayelalamika kwamba anaona doa katikati, au mstari ulionyooka anauona umepinda, apelekwe kliniki ya macho bila ya kungoja, na asitiwe dawa ya matone ya dukani. Karatasi za watoto zitie kwenye bahasha moja na uandike tarehe juu yake. Miwani iliyo salama ipange ndani ya kopo la biskuti, kavu, kila moja ndani ya karatasi laini, na uikague tena kwa taa kabla ya Mei 2031.

Jiko lile la skuli limeezekwa upya. Nilimuomba fundi aniachie bati moja la zamani, na limeegemea ukuta wa stoo yangu hadi leo, na matundu yake yote.